Kitovu cha Alcide

Katika kijiji kizima cha Ng'ambo hapakuwa na mtu aliyeshona mfuko wa mtoto, ule wa kumfungia kichanga, kumshinda Delphine Merasty, na hapakuwa na mtu aliyekataa katakata kumtia mtoto ndani ya mfuko huo kama yeye. Kina mama walimletea ngozi ya kulungu, au siku hizi kitambaa cha dukani, kwa kuwa nani tena ana mikono ya kukwangua ngozi. Naye akawakatia, akawashonea, akawapambia maua ya shanga kifuani na kuwatobolea matundu ya kamba pande zote mbili. Kisha akawarudishia mkononi. "Mfunge mwenyewe," aliwaambia. "Mtoto wako huyo." Watoto wake wa kuwazaa walifungwa na shangazi yao. Wajukuu walifungwa na mama zao, na vitukuu hawakufungwa na mtu, maana walizaliwa zama za nepi za plastiki, wakapakiwa kwenye viti vya magari kama mayai kwenye trei.

Waliojua sababu ya kukataa kwake walikuwa wamekwisha kufa karibu wote.

Sababu yenyewe ilitua juu ya Ziwa la Jiwe Jeupe asubuhi moja ya vuli, Delphine akiwa binti wa kama miaka kumi na mitano. Wakati huo Wakrii, wenyeji wa kwanza wa kaskazini ile, bado waliishi kambini msimu wa uvuvi, kila ukoo na ufuko wake, na mtoto alikua akijua sauti ya kila kasia. Mama yake, Marguerite, alikuwa majini akitegua nyavu. Delphine aliachiwa kitinda mimba wao, Alcide, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Alimlaza juu ya sufi ya kinamasi, yale majani laini yanayoota bwawani, ambayo wanawake waliyakausha kwenye matawi na kuyachambua wadudu kabla hayajagusa ngozi ya mtoto. Akamkunjia ngozi kushoto na kulia, akavuta kamba tundu kwa tundu mpaka kidevuni. Mtoto akatulia, akasinzia. Ndipo ndege ya kutua majini ikashuka, wakatoka polisi mmoja na mwanamke aliyevaa glavu, mtu wa ustawi wa jamii. Mwanamke alichungulia hemani, akauliza kitanda cha mtoto kiko wapi. Delphine hakuwa na Kiingereza cha kumwambia kwamba ndicho anachokitazama. Mwanamke akainama, akambeba Alcide na mfuko wake, akatabasamu.

"Asante kwa kumtayarisha," alisema.

Kiingereza hicho Delphine alikielewa. Polisi akasimama kati yake na maji. Marguerite, kule kwenye mtumbwi, aliiona ndege ikipita juu ya kichwa chake, akaipungia mkono. Hakujua imebeba nini.

Waliuliza kwa padri, wakauliza kwa afisa wa serikali, wakajibiwa kwamba mtoto yuko mahali pazuri. Marguerite alikufa akiwa bado anauliza. Delphine aliolewa, akapasua samaki kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, akazika mume, akazeeka. Lakini kila alipokutana na mwanamume wa rika lile, mjini, hospitalini, hata kwenye picha za gazeti, alimtazama masikio. Masikio ya kina Merasty yamechomoza juu kama ya mbweha. Kitu kimoja tu alitaka kabla ya kufa: kujua kama Alcide aliishi.

Sasa ile serikali iliyotuma ndege ikatuma vitabu. Ilisema nchi nzima inataka maridhiano na wenyeji wa kwanza, na kwamba maridhiano yaanzie shule za chekechea. Watu wazima walioharibu wakapumzika, watoto wa miaka minne wakabebeshwa kazi. Katika mji wa Haldor, upande wa pili wa daraja, watoto walikariri kila asubuhi kwamba wamekaa juu ya ardhi ya Wakrii, kisha wakaimba wimbo wa kunawa mikono.

Mwalimu wao mkuu, Heather, mwanamke mrefu mwenye moyo mweupe na haraka nyingi, alivuka daraja mwenyewe kuja kwa Delphine. Alivua viatu mlangoni, akamkabidhi pakiti ya tumbaku kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kwamba wazee huombwa hivyo.

"Mimi niliacha kuvuta mwaka ule wa mafuriko," Delphine alisema.

Heather akawa mwekundu. "Ni ya heshima, Bibi. Si lazima uvute."

"Najua ni ya heshima. Nakutania. Kaa, unywe chai. Unataka nini?"

Alitaka Bibi aje chekechea, awaonyeshe watoto mfuko wa mtoto unavyofungwa. Delphine akasema yeye hafungi mtoto. Heather akasema si mtoto, ni mwanasesere. Delphine akafikiri kidogo. Mwanasesere hana mama wa kumtafuta. Akakubali.

Aliingia mjini, kama kawaida yake, kwa basi la shule, pamoja na kitukuu chake Shayleen na watoto wengine wa Ng'ambo. Dereva alikuwa Keith Haugen, mwanamume anayekaribia sitini, mweusi wa nywele, mpana wa mabega, na kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka shingoni kiangazi na kipupwe. Aliletwa Haldor akiwa mvulana wa shule, mwana pekee wa muuguzi Dorothy Haugen, mama mweupe kama unga. Dorothy aliwaambia watu kwamba baba wa mtoto alikuwa Mtaliano. Mji ukaamini, au ukajifanya kuamini. Ng'ambo haikuamini, ila iliona ni kichekesho kizuri, ikamwita Mtaliano miaka yote hiyo.

"Bibi, siku moja utachelewa hata kwenye mazishi yako," Keith alisema akifungua mlango.

"Wewe utakuwa umesimama njiani unaokota kiti kibovu. Nitangoja tu."

Watoto wakacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Keith hakuweza kulipita jalala. Banda lake lilijaa redio mbovu, funguo zisizo na mlango, masanduku ya watu waliokwisha kufa. Alipekua vitu hata pale ambapo hakutafuta kitu.

"Kitovu chako kilitupwa ovyo, ndiyo maana," Delphine akamwambia, akikaa nyuma yake. Wakrii wa zamani walikihifadhi kitovu cha mtoto kikikatika. Mtoto ambaye kitovu chake hakikuwekwa mahali pake, walisema, atapekuapekua maisha yake yote. "Umezaliwa na watu gani wasiojua kuweka kitovu, wewe Mtaliano?"

"Mama alisema mimi ni wa Winnipeg."

"Basi kakitafute Winnipeg. Acha jalala letu."

"Nikikipata nitakuuzia," alisema Keith, akatia gia.

Alikuwa amemzika mama yake majira ya kuchipua yaliyopita. Delphine alikumbuka akiwa amekwisha sema, akajuta kidogo, akatazama nje mpaka darajani.

Chekechea ilinukia rangi na supu. Ukutani zilibandikwa fulana za karatasi za rangi ya chungwa, kumbukumbu ya watoto waliochukuliwa, kila fulana na jina la mtoto aliyeipaka. Watoto walimwamkia kwa Kikrii, kwa pamoja, kama askari. Heather akampitisha kona ya kuchezea nyumba, penye jiko la mbao na vitanda vya wanasesere.

"Na hapa tumeanza kabla yako, Bibi. Angalia, na sisi tunao mmoja."

Juu ya kitanda kidogo alilala dubu wa kitambaa, amefungwa ndani ya mfuko wa mtoto. Ngozi ilikuwa imefifia rangi ya chai. Kamba zilikuwa zimevutwa vibaya, fundo juu ya fundo, kama kiatu cha mtoto mwenyewe. Kifuani palikuwa na waridi la shanga za buluu, na petali moja ya waridi hilo ilikuwa nyeusi.

Delphine alishika ukingo wa lile jiko la mbao.

Marguerite aliishiwa shanga za buluu akishona ua hilo. Duka lilikuwa safari ya mtumbwi, na mtoto alikuwa tumboni amekwisha shuka. Akaikata rozari yake, akamalizia petali kwa zile punje nyeusi. Padri alipoona alimgombeza mbele ya watu wote. Hapakuwa na mwanamke mwingine kaskazini yote aliyethubutu kufanya hivyo.

"Bibi? Umechoka? Kaa."

Hakukaa. Alimchukua yule dubu, akapitisha kidole gumba chini ya pindo la ndani, upande wa kushoto, pale ambapo mama yake alimwonyesha, kwa kuwa dada mkubwa ndiye huonyeshwa. Palikuwa na kivimbe kigumu, kidogo kama maharage, kimeshonewa ndani ya ngozi. Kilikuwapo. Watoto wa Haldor walikuwa wakikichezea, wakikikalia, wakikidondoshea supu, na kilikuwapo.

"Huu umetoka wapi?" aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilimjia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Keith alituletea, yule wa basi. Alikuwa anasafisha nyumba ya mama yake. Ulikuwa kabatini kwake, chini kabisa, umefungwa ndani ya shuka. Alidhani mama yake aliununua kwa wachuuzi. Mzuri, sivyo?"

Delphine aliyawaza masikio. Hakuwahi kuyaona masikio ya Keith Haugen, miaka yote hiyo, kwa sababu ya ile kofia. Alitazama masikio ya wanaume wa mbali, ya wanaume wa magazetini, na huyu aliyekaa mbele yake kwenye basi hakumtazama kwa kuwa alikuwa kichekesho. Ng'ambo nzima ilimwambia usoni, kila siku, "Mtaliano gani ana mwendo wa kina Merasty?" Wakacheka, naye akacheka.

Kisha akamkumbuka Dorothy. Siku moja, zamani, Delphine alimpeleka mwanawe zahanati kuchomwa sindano, mtoto akiwa ndani ya mfuko. Muuguzi Dorothy aliutazama ule mfuko, akaweka sindano mezani, akatoka. Alikuja muuguzi mwingine. Delphine alidhani ni dharau ya kawaida, akarudi nyumbani na hasira ya kawaida.

Watoto walikuwa wamekwisha kaa kwenye zulia, duara, wakingoja.

"Bibi yangu anatetemeka," Shayleen aliwatangazia.

"Ni baridi," alisema mwingine.

"Si baridi. Mimi nimevaa kaptura."

Delphine angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo akiwa amemkumbatia dubu. Mwanamume yule alikuwa na mama mmoja tu duniani, na udongo wa kaburi lake ulikuwa haujaota nyasi. Alichotaka kukijua, Delphine amekwisha kijua: Alcide aliishi. Angeweza kufunga mwanasesere, kunywa supu, kurudi kwake na siri yake. Lakini yule mwanamke wa glavu naye aliamua kwa niaba ya wengine kipi wakijue na kipi wasikijue.

"Niitie Keith," alimwambia Heather.

Keith aliingia akifuta grisi mikononi. "Nimesahau kitu?"

"Vua kofia."

"Bibi, tumeanza tena?"

"Vua."

Aliivua, kwa kuwa hata mtu wa sitini humtii bibi mbele ya watoto. Yakachomoza. Mtoto mmoja akacheka. Delphine alitazama masikio yale, ndipo akakaa, kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne, na kutoka hapo akamwambia yote. Hakuzungusha maneno. Hema, ndege, glavu, rozari. Jina lake ni Alcide. Heather alikuwa amesimama na mkono mdomoni.

Keith alisikiliza akitabasamu, akingoja mahali pa kucheka. Hapakuja. Tabasamu likabaki usoni, limesahauliwa.

"Mama yangu hakuiba mtoto," alisema.

"Sijasema ameiba. Alipewa."

"Alikuwa muuguzi. Alikuwa mtu mzuri. Watu wa pande zote mbili za daraja walimlilia."

"Hata mimi nilikuja mazishini. Nilikuletea mkate. Wa kukaanga, wenye zabibu."

"Basi kwa nini unaniambia haya?"

"Leta kidole chako."

Hakuleta. Delphine alimshika mkono kwa nguvu ambazo hata yeye hakujua bado anazo, akaingiza kidole chake cha grisi chini ya pindo. Keith aligusa kile kivimbe. Hakuuliza ni nini. Alikuwa amesikia mzaha wa kitovu kila asubuhi, tangu alipoanza kuendesha basi.

Alivuta mkono kama aliyegusa jiko.

"Aliomba mwenyewe kuhamishiwa huku," alisema polepole, akimtazama dubu. "Alikuwa na kazi nzuri kusini. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini tulikuja mahali pa baridi kama hapa. Alisema, kwa ajili yako." Akavaa kofia. Ikakaa vibaya, hakuirekebisha. "Kwa ajili yangu," akasema tena, akatoka. Walisikia basi likiwaka na kuondoka bila mtoto hata mmoja.

Somo halikufanyika. Heather alimrudisha Delphine Ng'ambo kwa gari lake, akiendesha huku machozi yakimtoka, akisema samahani kwa ajili ya dubu, kwa ajili ya ndege, kwa ajili ya babu zake.

"Usilie darajani," Delphine alisema. "Utatutumbukiza. Lia ukishavuka."

Aliukuta mfuko uko mapajani mwake. Hakuna aliyeuliza kama aliruhusiwa kuuchukua.

Wiki ile basi liliendeshwa na kijana wa kukodiwa. Mjini walisema Keith amejifungia na madirisha yamezibwa. Ng'ambo hapakuwa na aliyecheka. Wazee wachache waliobaki walikaa jikoni kwa Delphine wakinywa chai bila maneno, kila mmoja akihesabu kimyakimya mizaha yake. Mmoja wao, Zacharie, aliwahi kuapa baani kwamba Mtaliano huyu ni wa ukoo wao, apewe haki ya Wakrii ya kuvua samaki. Watu walivunjika mbavu. Sasa alikaa akikitazama kikombe chake kama kimemtukana.

Delphine alikwenda kinamasini na kijiti chake, peke yake, maana hakuna binti anayejua tena ipi ni sufi nzuri na ipi humchubua mtoto. Alichuma, akatundika, akachambua. Aliufua mfuko, akaunyoosha, akabadilisha kamba. Pindo la kushoto hakuligusa. Kisha akamtumia Heather ujumbe kwamba somo alilolikatiza atalimaliza, ila mwanasesere hamtaki. Atakuja na mtoto.

Mtoto alikuwa mdogo wake Shayleen, mzito, mwenye mashavu, aliyekuwa akilia tangu wanatoka nyumbani. Watoto walikaa duara. Delphine alipiga magoti kwenye zulia, akatandaza sufi ndani ya mfuko, akamlaza. Vidole vilikataa. Alishika kamba na kuiona glavu. Watoto wakangoja, kichanga kikalia, Heather akaanza kusema kwamba si lazima, Bibi, tunaweza kuimba.

Mlango ulifunguliwa. Keith alikuwa amenyoa ndevu, na kofia ilikuwa mfukoni.

"Basi limeharibika," alisema.

Basi lilikuwa dirishani, linanguruma vizuri kabisa, kijana wa kukodiwa akiwa ndani. Wote waliliona. Hakuna aliyelitaja, hata watoto. Keith alitafuta kiti kwa macho, akakaa kwenye kile cha mtoto wa miaka minne, magoti yakamfika kifuani.

"Mimi sikuja kuwa mtu mwingine," alisema bila kumtazama Delphine. "Jina langu ni Keith. Mama yangu ni Dorothy."

"Nani amekukataza?"

Kilio cha kichanga kikajaza chumba.

"Kile kitu," alisema. "Kipo?"

"Kipo palepale. Sema wewe kiwekwe wapi, nitakifumua."

Alifikiri. Alipitisha macho kwenye jiko la mbao, kwenye fulana za karatasi, kwenye kile kitanda kidogo kilichokuwa cha dubu. "Sijui bado."

"Basi kikae. Sogea. Shika miguu ya huyu, anapiga mateke."

Akashuka kitini, akapiga magoti, akaishika miguu kwa viganja vyake vipana. Delphine akaikunja ngozi kushoto, akaikunja kulia. Akapitisha kamba tundu la kwanza. La pili alimpa yeye. Keith akavuta kwa nguvu, kama afungavyo vitu vyake vya jalala juu ya paa la gari.

"Polepole," dada yake akamwambia. "Hufungi mzigo."

Akailegeza. Kichanga kikanyamaza.

"Keith," Shayleen akasema, "umeruka tundu."